Springi ya Mbele Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo lakini ulimi wake ni ule ule, jana kamwambia wifi yako kwamba anafagia kama anampapasa mgonjwa. Tafadhali usinipigie simu. Nikipokea mimi nasikia nyuki tu, masikio haya yameliwa na nyundo, na akipokea mtu mwingine nyumba nzima itajua tunaongea nini. Mama anasikia kwa niaba yetu sote. Barua ndiyo salama. Mpe kondakta wa basi, nitaichukua stendi.

Nina kazi ya kukutuma. Lile lori la Baba nimeanza kulifufua. Najua hapo umeshakunja uso. Nimelivua kila kitu: kichwa nimekiegemeza ukutani, injini iko gereji, bodi nimeibomoa mbao kwa mbao. Imebaki chasisi peke yake pale uani, nimeikwangua kutu mpaka chuma kikaonekana, nimeipaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ukiiona utadhani imetoka kiwandani juzi. Kinachonikwamisha ni springi ya mbele kushoto. Ya kulia ipo nzima. Ya kushoto, unakumbuka, ndiyo aliyokuwa anaifungua Baba siku jeki ilipoteleza na gari likamlalia. Mabaki yake sijui yalitupwa wapi, na upande ule mpaka leo umekaa juu ya mawe.

Huku hakuna. Malori ya siku hizi springi zake pana, hazikai. Lakini mtaa wa vyuma chakavu uko karibu na duka lako la kushona. Nenda ukanitafutie. Nataka springi kamili na majani yake yote, kuanzia lile refu la juu lenye macho mawili ya kupitishia pini, mpaka lile fupi la chini. Vipimo nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, pima kwa utepe wako wa nguo, si utepe ni utepe. Kila jani ligonge na kitu cha chuma. Jani zima linalia vizuri, lenye ufa linakwama kama mtu mwenye mafua.

Na usisahau jambo moja. Baba hakuwahi kufunga springi iliyotumika bila kuuliza ilikuwa kwenye lori la nani na lori hilo liliishaje. Tulimcheka, tukamuuliza anaposa au ananunua chuma. Lakini alikuwa hivyo, na kwenye gari lake tufuate yake. Uliza, uniandikie.

Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia nilisimamishe tena hilo lori.

Kaka yako,
Nyundo

*

Jumapili, 10 Machi

Kaka Nyundo,

Nimeipata. Barua ina alama za vidole vyako vyeusi kila kona, hata usingeweka sahihi ningejua.

Nimezunguka mtaa wa vyuma siku mbili, gauni la bibi harusi limelala mezani bila mikono na mwenyewe anapiga simu kila saa. Wale wauzaji wakiona mwanamke na utepe wa kushonea shingoni wanauliza springi nayo inashonwa siku hizi. Nikawaambia ndiyo, na midomo yenu pia. Nimepata mmoja mwenye springi inayofanana, tukaigonga, jani la pili likakwama kama ulivyosema. Akaapa kwamba chuma kina baridi tu. Nikamwacha na baridi yake.

Sasa nikuulize na wewe unijibu. Mama huyu huyu ndiye aliyetaka lori lisimame? Mama aliyegeuza kitanda ili asilione dirishani? Mama aliyemfukuza mnunuzi kwa ufagio, eti asiliguse, halafu yeye mwenyewe hajawahi kulisogelea tangu tumzike Baba? Kuna kitu hujaniambia. Na hicho kikohozi "kidogo" umekitaja haraka mno. Nakujua, ukitaka kuficha jambo unaliweka kwenye salamu.

Na mimi sipendi uingie chini ya gari lile. Nimesema.

Mdogo wako,
Sindano

*

Alhamisi, 14 Machi

Sindano,

Haya, umenikamata.

Mama hakohoi kidogo. Hawezi kuamka kitandani peke yake. Daktari alitwambia turudi naye nyumbani, tumpe kila anachotaka, na unajua wakisema hivyo wamemaliza. Nilitaka nikwambie ukija mwenyewe. Nisamehe.

Na nilipomuuliza anataka nini, unajua alisema nini? Alisema: "Baba yenu bado yuko chini ya gari." Nikadhani ni homa. Akanikazia macho kama zamani nikivunja sahani. "Mlitoa mwili mkauzika, yeye mkamwacha pale. Namsikia anagonga na spana kila siku. Lisimamisheni gari lisimame kwa miguu yake, atoke. Mimi siondoki hapa nikamwacha mume wangu kanasa."

Wifi yako naye anasikia. Alinificha, akidhani nitamcheka. Anasema ni mlio mdogo, wa mtu anayejaribu nati iliyoota kutu: anagonga, anapumzika, anagonga. Mimi kiziwi, sisikii kitu. Basi nikaenda mchana kweupe, nikaweka kiganja juu ya chasisi pale penye mawe. Mdogo wangu, chuma kilikuwa kinatetemeka. Kidogo tu, kama gari lililowashwa injini likasimama. Injini iko gereji! Nikaenda kuweka kiganja upande wa kulia. Kimya. Nikarudi kushoto, kinatetemeka. Sikuingia chini siku ile, na sikuona haya.

Sisemi naamini, sisemi siamini. Nasema Mama amebakiwa na jambo moja tu analolitaka duniani, na jambo lenyewe ni springi. Nitafutie. Popote. Haraka.

Nyundo

*

Jumatano, 20 Machi

Kaka,

Springi hiyo kwenye gunia, pamoja na pini zake na bushi nne za shaba za kuvalisha pini. Kondakta aliinyanyua akanitukana, halafu akagundua mimi si mwanamume akaomba radhi.

Nimeipata kwa mama mmoja mwisho kabisa wa mtaa, wanamwita Bibi Vyuma. Iko kamili. Nimepima kila jani mara mbili, nimegonga, yote yanalia. Inakaa kama vazi lililokatwa kwa mwili wa mtu.

Nilimuuliza habari zake. Ilitoka kwenye lori kama la Baba, lilikuwa la familia yake, lilifanya kazi ya kubeba mchanga. Basi. Lilizeeka kama malori yote.

Ifunge, usipoteze muda kuniandikia maswali. Mbusu Mama, mwambie nikimaliza gauni hili nakuja. Weka magogo chini ya chasisi kabla hujaingia. Usitegemee jeki peke yake.

Sindano

*

Jumanne, 26 Machi

Sindano, Sindano, Sindano!

Lori limesimama!

Nimeifunga Jumamosi. Imeingia bila kulazimishwa, pini zimepita kama zilikuwa zinangojana. Nikaweka tairi, nikaondoa mawe yote yaliyokuwa pale tangu enzi hizo, chini yake ardhi nyeupe kabisa. Mama alitaka aone. Tukambeba na kiti mpaka uani, mimi huku wifi yako kule, mwepesi kama kikapu. Nikateremsha jeki.

Sasa sikiliza, maana hili nimeliona kwa macho yangu na wewe unajua mimi si mtu wa hadithi. Gari lilikaa juu ya springi, springi ikabonyea kama inavyotakiwa. Halafu, nimeshika jeki mkononi, hakuna aliyeligusa, pembe ile ya mbele kushoto ikainuka. Kidogo. Umeshaona gari linavyoinuka abiria akishuka? Hivyo.

Mama akasema, "Ametoka." Akalia. Mimi nikalia, sikufichi, na mafuta ya grisi usoni, wifi yako akanipangusa akanifanya vibaya zaidi.

Tangu siku ile Mama anaamka. Nakwambia anaamka! Anatembea kwa kushika ukuta mpaka sebuleni. Anakunywa chai mpaka mwisho wa kikombe. Na nyumbani tumeongezeka. Asubuhi taulo la ziada limelowa. Benchi la mlangoni linabonyea katikati pasipo mtu, mbao nzito ile, unaiona inavyojikunja. Juzi tulikuwa mezani, kiti cha mwisho kikavutwa nyuma, taratibu, kikatulia. Wifi yako aliinuka akaenda kukaa jikoni, anasema anamheshimu mkwe wake lakini amheshimu kwa mbali. Mimi nilibaki. Nilisema, "Karibu Baba." Nywele zilinisimama, lakini nilisema.

Umemtoa wewe. Springi yako ndiyo iliyomtoa. Mungu akuzidishie.

Kaka yako mwenye furaha,
Nyundo

*

Ijumaa, 29 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimefurahi Mama anaamka. Nimefurahi sana.

Niambie mambo machache. Mama anamwitaje? Anaongea naye? Anasema ni yeye kwa hakika, au ni ninyi mnaosema? Anapenda kukaa wapi? Baba alikuwa hakai benchi la mlangoni, unakumbuka, alisema linaumiza kiuno. Alikuwa na kile kiti chake cha kamba nyuma ya nyumba.

Usinielewe vibaya. Nauliza tu. Nimejichoma sindano mara tatu leo, mimi ambaye sijajichoma tangu nilipokuwa mwanafunzi wa cherehani.

Mnijibu upesi. Na kama Mama anaweza kuongea, bora aniambie yeye.

Sindano

*

Jumatano, 3 Aprili

Mwanangu Sindano,

Anayeandika ni wifi yako, mimi ndiye nasema. Nimemwambia asibadilishe neno hata moja. Kaka yako hajui kwamba nakuandikia. Ana furaha kama mtoto, anapiga mluzi asiousikia mwenyewe, sijapata moyo wa kumwambia.

Huyu aliyetoka si baba yenu.

Siku ya kwanza nilikuwa nimelewa furaha, sikuangalia. Siku ya pili nikaona mambo. Anatafuta maji pale yasipokuwepo. Baba yenu alijenga nyumba hii, angetafuta mtungi chumbani? Anakaa mlangoni tu, uso barabarani, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Mimi simwoni sura, mwanangu, namwona kama unavyoona mtu nyuma ya pazia. Lakini mabega ni membamba.

Jana asubuhi nikashika ukuta nikaenda mpaka pale mlangoni, nikamwambia, "Mume wangu, mbona huniambii kitu?" Akainuka haraka. Akaniambia, "Shikamoo mama."

Tangu lini mume akamwamkia mkewe shikamoo?

Nikamwitikia, marahaba mwanangu, ningefanyaje. Sauti ya kijana, bado haijakomaa. Nikamuuliza wewe ni wa wapi. Akasema, "Nimepotea mama. Nilikuwa kwetu chini ya gari, nikatokea hapa. Njia ya kurudi iko wapi?" Halafu akaniomba radhi kwa kutumia taulo letu.

(Wifi, ni mimi. Nisamehe mwandiko. Mama analia huku anasema. Naendelea.)

Na baba yenu bado yuko kule kule. Namsikia. Hajaacha kugonga.

Mimi nakuuliza wewe uliyenunua ile springi, na usinijibu kwa kuzungukazunguka kama ulipokuwa mdogo. Huyu ni mtoto wa nani?

Mama yako

*

Jumamosi, 6 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Ni mtoto wa Bibi Vyuma.

Nilidanganya. Kaka aliniambia niulize lori liliishaje, nikauliza, nikajibiwa, nikaficha. Nilijua nikiandika ukweli ataitupa springi ile hata kama ndiyo ya mwisho duniani, na wewe ulikuwa unaondoka. Nilitaka usimame, Mama. Sikufikiria kingine chochote.

Yule mama alikuwa na mtoto mmoja, fundi, bado hajaoa. Lori lao lilimlalia akiwa anafunga springi hiyo hiyo, kwenye ua ule ule niliokwenda. Waliuza kila kipande, kichwa, ekseli, mpaka vioo. Springi hakuiuza. Ilikuwa imeegemezwa mlangoni kwake. Nilipomweleza habari zako akasema, "Basi ichukue. Kama itamsimamisha mtu mgonjwa, ichukue." Hakutaka hata senti. Lakini Mama, nilipoishika upande mmoja yeye alishika upande wa pili, na hakuiachia. Tulisimama vile, watu wanapita. Mwisho nikaivuta.

Nimekwenda kwake leo baada ya kusoma barua yako. Nilidhani nitajua namna ya kumwambia. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza: "Kwa nini uani kwangu kumekuwa kimya?" Nikamuuliza kimya vipi. Akasema alizoea kumsikia mwanawe anapiga mluzi jioni, na tangu springi iondoke hajamsikia. Kumbe ndiyo maana alikuwa haiuzi. Aliponipa alidhani ikiondoka mtoto atapumzika. Sasa anamtafuta.

Nimerudi nyumbani sikumwambia kitu. Nimeshindwa. Niambieni nifanye nini, nitafanya. Nisamehe Mama, na umwombe Kaka anisamehe.

Binti yako,
Sindano

*

Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Springi ndiyo hiyo kwenye gunia lile lile, pini na bushi zimo. Nimeifuta grisi yote nimeipaka mafuta safi. Mpelekee mwenyewe Bibi Vyuma leo leo, usiiweke dukani hata kidogo. Kondakta nimemwomba aiweke juu ya kiti, si kwenye buti. Ameniona mwendawazimu lakini ameiweka.

Mama aliniita akanipa barua yako nisome, akanieleza na ile aliyokuandikia. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema maneno. Mama akanikatiza: "Mdogo wako alifanya kosa kwa sababu ya kunipenda. Sasa kafungue springi ya watu." Nikamwambia Mama, nikiifungua gari linarudi kwenye mawe, na nyingine sijui nitaipata lini, na wewe... Akamalizia yeye: "Na mimi sina muda. Najua. Lakini yuko mwanamke mwenzangu anamtafuta mwanawe jioni, na mwanawe yuko kwangu anajipangusa na taulo langu. Nitakaa naye vipi?"

Jana asubuhi nikaingia kazini. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umelegea. Mama alikaa kitini uani, benchi la mlangoni limebonyea, wifi yako amesimama katikati yao hajui akimbilie wapi. Nikapiga jeki, nikatoa tairi. Magogo nikasema nitayaweka nikishalegeza nati za kwanza, kazi ya dakika mbili tu. Usiniambie neno, Sindano. Namjua mtu mwingine aliyesema dakika mbili tu.

Nati zikaachia, pini zikatoka, springi nikaishusha nikaisukuma nje. Wifi yako anasema hapo hapo benchi likanyooka, na Mama akainua mkono akaaga, "Nenda salama mwanangu, msalimie mama." Mimi bado niko chini, naokota bushi moja iliyoviringika.

Jeki ikateleza kwenye tope. Sikusikia. Wifi yako anasema gari lililia na yeye akalia kuliko gari. Mimi nilichoona ni mwanga kupungua. Chasisi ikaja, nikaiona inavyokuja, ikagusa kifungo cha shati langu, ikasimama.

Jeki imelala ubavu, naiona. Magogo yako ukutani. Mawe niliyatoa mwenyewe. Hakuna kitu kilichokuwa kinashika lile gari, mdogo wangu. Nikaweka kiganja kwenye chuma juu ya kifua changu, kinatetemeka vile vile, ila sasa kwa nguvu. Halafu nikahisi mtu ubavuni kwangu. Bega kwa bega. Bega la moto, limelowa jasho, na pumzi nzito ya mtu aliyebeba. Sikugeuza shingo. Niliogopa nikigeuka ataachia.

Mama alitoka kwenye kiti. Mwenyewe, bila kushikwa. Akapiga magoti kwenye tope akainamisha uso mpaka chini, nikawa nauona mdomo wake, na unajua mimi siku hizi nasikia kwa kuangalia midomo. Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anamtazama wa pembeni yangu.

"Kumbe hukunasa," alisema. "Mimi nilidhani umenasa. Kumbe unalishika."

Akatega sikio. Akatikisa kichwa.

"Ulijua iko siku mtoto ataingia tu."

Ndipo akaniangalia mimi. "Toka mwanangu. Taratibu. Mwenzio amechoka."

Nikatoka kwa mgongo, kiwiko baada ya kiwiko, na bega lile likawa linanisogelea mpaka mwisho, kuhakikisha. Nikasimama. Gari bado liko hewani. Wifi yako alikuwa amenikumbatia kiuno, tunatazama chasisi nzima upande wa kushoto imesimama juu ya upepo. Mama bado yuko magotini. Akasema, na hili nililiona wazi mdomoni kwake: "Ameshatoka. Huyu hapa, mzima. Hataingia tena chini ya gari hili, mimi nakuhakikishia. Achia sasa, baba Nyundo. Achia."

Halikuanguka. Liliteremshwa. Taratibu, kwa adabu, kama Baba alivyonifundisha kutua kitu kizito ili mtu asiumie vidole. Likafika kwenye tope likalala. Nikaenda nikaweka kiganja. Chuma baridi. Kimetulia kabisa.

Nilitaka kumwinua Mama, akaukataa mkono wangu. Aliinuka mwenyewe, akavuta kiti cha pili akakiweka karibu na chake, akakipangusa matone ya mvua kwa upindo wa gauni. Akakaa. Akatwambia mimi na wifi yako tuingie ndani, eti tusisimame hapo kusikiliza maongezi ya watu wazima. Kiti cha pili kilikuwa kimeshabonyea.

Kaka yako,
Nyundo